Maswali ya Wasomaji: Wanaotegea, Wanaosusa na Viranja Wababe

Barua za safari hii zimetoka mkoani Kigoma, nyingi kwa walimu wa shule za msingi, chache kwa wazazi. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini watoto wanaoimbiwa kila siku kwamba umoja ni nguvu hawawezi kufanya kazi pamoja hata dakika ishirini?

"Darasa langu la tano lina watoto 94. Nikiwagawa makundi, mmoja anaandika, wawili wanamchungulia, waliobaki wanapiga soga. Nimewahubiria ushirikiano mpaka sauti imekauka. Nifanyeje?" (Mwalimu, Ujiji)

Mwalimu, usiwalaumu kwanza. Ukiwapa watoto watano swali moja, karatasi moja na kalamu moja, umetoa kazi ya mtu mmoja na viti vya watazamaji wanne. Mwepesi ataishika kalamu, wenzake watakaa pembeni. Wameisoma kazi yako vizuri kabla hujamaliza kuieleza.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alilipima jambo hili kwa kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Watu wanane wakivuta pamoja walitoa karibu nusu tu ya nguvu ambayo ingepatikana kama kila mmoja angevuta peke yake na nguvu zote zikajumlishwa. Sababu ni mbili. Ya kwanza, hawavuti kwa wakati mmoja: huyu anaanza, yule bado anapumua. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo, ndiyo maana wavu hauvutwi kimyakimya. Ya pili ni kutegea. Mtu akijua jasho lake halitaonekana kati ya majasho ya wengine, mikono inalegea yenyewe, mara nyingi bila kukusudia. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kwamba nyuma yao kuna wenzao wanaovuta, kumbe hao wenzao hawavuti chochote. Walilegea vilevile.

Basi kabla hujaingia darasani na kazi ya kundi, iulize maswali mawili. Je, mtoto mmoja anaweza kuimaliza peke yake? Kama anaweza, ibadili. Je, mwishoni nitaona alichofanya kila mmoja? Kama sitaona, ibadili tena. Mahubiri hayawezi kuokoa kazi iliyoshindwa maswali haya mawili.

Njia inayoyapita yote mawili ilianza mwaka 1971 mjini Austin, jimbo la Texas, pale mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walipoitwa kusaidia shule ambazo watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa darasa moja wakawa hawapatani. Kila mtoto hupewa kipande cha somo ambacho wenzake wa kundi hawana. Sisi tuiite kazi ya vipande.

Tuchukue somo la Ziwa Tanganyika, maana liko mlangoni kwenu. Ligawe vipande vitano. Cha kwanza ni ziwa lenyewe: nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, na kina chake cha takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi. Cha pili ni mito: Malagarasi na Ruzizi inayoingia, Lukuga inayotoka na kuelekea mto Kongo, ambao una maporomoko kabla ya kufika baharini. Cha tatu ni dagaa na migebuka, uvuvi wa taa katika usiku usio na mbalamwezi, na hatua ya Tanzania kusimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Cha nne ni Reli ya Kati, iliyofika Kigoma kutoka Dar es Salaam mwaka 1914. Cha tano ni meli ya Liemba: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927.

Sasa toa swali la kundi: meli ya chuma ilitokaje Ujerumani mpaka ziwani, na kwa nini isingeweza kuja kwa maji mwanzo hadi mwisho? Hapo mwenye mito, mwenye reli na mwenye meli ni lazima wazungumze. Swali la pili: kwa nini nchi moja peke yake haiwezi kuwalinda dagaa? Hilo linamtaka mwenye ziwa na mwenye samaki. Hakuna mtoto mmoja mwenye jibu kamili, hata yule anayeongoza darasa.

Kwa watoto 94 utapata makundi 18 ya watu watano na moja la wanne, ambalo mtoto wake mmoja atashika vipande viwili. Huhitaji fotokopi. Andika kila kipande kwa mkono nakala nne, kurasa 20 kwa jumla, kila kimoja kisizidi mistari kumi na miwili. Tumia vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, na toka nao nje chini ya miembe. Madawati ya watu watatu hayageuziki.

Dakika 10 za mwanzo ni za kugawa na kusoma. Kisha dakika 15 wenye kipande kimoja wanakaa pamoja, wanne au watano kwa nakala, wanaelewana maana na kila mmoja anaandika kwa maneno yake kwenye daftari. Hatua hii usiiruke hata muda ukibana, kwa sababu ndiyo inayomwokoa mtoto asiyesoma vizuri: anarudi kundini akiwa na kitu cha kusema. Baadaye dakika 25 za kufundishana, dakika tano kwa kila kipande, wewe ukipiga kengele. Dakika 10 za maswali mawili ya kundi. Dakika 10 za jaribio la maswali matano ambalo kila mtoto anafanya peke yake, swali moja kutoka kila kipande. Zilizobaki ni za tathmini.

Kinachoiharibu mara nyingi ni alama moja kwa kundi zima. Ukitoa hiyo, mwenye bidii anabeba wote na anawachukia. Mtegeaji naye amepata alama za bure. Alama ziwe za mtoto mmoja mmoja kutokana na jaribio. Kundi lipate sifa pale kila mwanachama wake anapopanda kuliko wiki iliyopita, hata kama kupanda kwenyewe ni kutoka mbili hadi tatu.

Jambo la pili ni mwalimu mwenyewe. Mtoto akikwama kueleza, usimjibie. Waambie wenzake wamuulize maswali mpaka atoe alicho nacho. Wiki ya kwanza watamcheka, ya pili watamsukuma, na kuanzia ya tatu wanagundua kwamba wakimcheka wanakosa swali lake kwenye jaribio. Ukiacha zoezi baada ya wiki mbili, na wengi huacha hapo, umepata kelele tu. Usibadili makundi kabla ya wiki sita.

Na yule asiyejua kusoma kabisa? Mpe kipande chake siku mbili mapema, akasomewe nyumbani au na mwenzake wa dawati. Usimpe kifupi kuliko vya wengine. Watoto wanahesabu mistari.

"Tumegawa shule rangi nne: nyekundu, bluu, kijani na njano, zishindane kila Ijumaa ili kujenga umoja. Sasa nyekundu na bluu hawakai dawati moja, na juzi walirushiana mawe baada ya mechi. Tufute mashindano?" (Mwalimu wa michezo, Uvinza)

Msifute. Ila mmeyapa mashindano kazi isiyo yake. Mashindano hujenga umoja ndani ya timu, na kwa nguvu hiyohiyo hujenga ukuta kati ya timu na timu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11 kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, nchini Marekani. Walikuwa watoto wa kawaida, hawakujuana. Akawagawa makundi mawili, akawashindanisha kwa mpira na kuvuta kamba, na zawadi juu. Siku chache tu zikatosha: matusi, bendera kuchomwa, mabanda kuvamiwa usiku. Kisha akajaribu dawa ambayo wengi wetu tungeikimbilia, yaani kuwakutanisha wale chakula pamoja na watazame picha pamoja. Walirushiana chakula. Kilichowapatanisha kidogokidogo ni matatizo yaliyowahusu wote na yasiyoweza kutatuliwa na upande mmoja: maji ya kambi yalipokatika, na lori la kuleta chakula lilipogoma kuwaka. Walilivuta wote, kwa kamba ileile waliyokuwa wakishindana kuivuta.

Kwa hiyo, Mwalimu, hotuba ya paredi kuhusu upendo haitafika mbali, na kuwakalisha nyekundu na bluu dawati moja kwa amri ni kuhamisha ugomvi kutoka uwanjani kuuingiza darasani. Tafuteni kazi ambayo rangi moja haiiwezi. Tunapendekeza mnyororo wa ndoo kwenye bustani ya shule, hasa miezi ya Juni hadi Septemba ambapo mvua hamna.

Mahitaji: pipa moja la lita 200 lililojaa tangu jioni, ndoo 20 za lita 10, kila moja ikiwa na alama ya rangi ndani katika lita 5, matuta kumi ya mchicha, upana mita moja, urefu mita tano. Kila tuta linataka lita 20, yaani ndoo nne za nusu. Matuta kumi, ndoo 40, lita 200. Hesabu inafunga kabisa, na hiyo ndiyo siri yake: wakimwaga maji njiani, tuta la kumi halinyweshwi. Hakuna wa kubishana naye. Udongo mkavu unaonekana.

Ndoo ijazwe nusu tu. Ndoo kamili ya lita 10 ni kilo kumi na zaidi, mzigo usiofaa kupokezana kwa watoto wa darasa la tatu, na ikijaa inamwagika kila mkono unapobadilika.

Pipa likiwa mita 30 kutoka bustanini, pangeni watoto 24 kwa mstari, kila mmoja hatua moja kubwa kutoka kwa mwenzake, kwa mfuatano wa nyekundu, bluu, kijani, njano, tena nyekundu. Hivyo kila tone linalofika kwenye mchicha limepita mkono wa kila rangi. Mstari wa pili wa watoto 12 unarudisha ndoo tupu. Wanne wachote, wanne wamwagilie. Jumla 44. Anzeni saa moja na nusu asubuhi. Ndoo moja ikitoka kila sekunde 15, mtamaliza kwa dakika kumi na kidogo, kengele haijagongwa.

Siku ya kwanza itavurugika, tena karibu na mwanzo wa mstari, kwa sababu wachotaji wataharakisha na ndoo zitarundikana kwa mtoto wa tatu au wa nne. Msiingilie. Wakimaliza na matuta mawili yamebaki makavu, waulizeni ndoo zilikwamia wapi na wafanye nini kesho. Kwa kawaida watabuni kibwagizo cha kuhesabia mapigo, na mikono yote itakwenda pamoja. Kosa kubwa mnaloweza kufanya ninyi walimu ni kuligeuza zoezi liwe mashindano ya mistari miwili ili "lichangamke". Hapo mmerudi Ijumaa.

Mechi za rangi ziendelee, mara mbili kwa mwezi badala ya nne. Ijumaa nyingine mbili timu zichanganywe kwa kuhesabu, moja mpaka nne. Na kwa mwezi mmoja zawadi ziwekwe kando kabisa.

"Binti yangu wa darasa la nne ni mzito wa mbio. Michezoni huchaguliwa wa mwisho, siku nyingine anaambiwa akalinde mabegi. Sasa kila Alhamisi, siku ya michezo, anaamka anaumwa tumbo." (Mama, Mwandiga)

Pole, Mama. Usimwambie akaze moyo. Tumbo lake linasema kweli. Kasoro iko kwenye utaratibu wa manahodha wawili kusimama mbele na kuchagua mmoja baada ya mwingine mpaka abaki yule asiyetakiwa. Utaratibu huo unamtangaza mtoto mbele ya darasa zima kila wiki. Nenda kaonane na mwalimu wake wa michezo, kwa upole, na umwombe mambo matatu.

La kwanza, timu zigawanywe kwa kuhesabu au kwa kuokota vibao vya rangi mfukoni. Inachukua dakika mbili.

La pili, wacheze netiboli mara kwa mara. Sheria zake zenyewe zinalea ushirikiano: mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, na lazima autoe ndani ya sekunde tatu. Mwenye mbio hawezi kumaliza mchezo peke yake, na mzito anayetazama vizuri na kutoa pasi kwa wakati ana thamani. Kwa umri wao pete ishushwe. Ya kawaida iko mita 3.05 kutoka chini, mita 2.4 inatosha, juu ya nguzo ya mkaratusi iliyochimbiwa vizuri. Mwalimu anaweza kuongeza sheria moja ya darasani: goli halihesabiwi mpaka wachezaji watano kati ya saba wawe wamegusa mpira. Wiki ya kwanza watampa binti yako mpira kwa kumtupia tu, ili mradi ahesabiwe. Hapo mwalimu aongeze kwamba pasi iliyodondoka inarudisha hesabu sifuri. Utashangaa wanavyoanza kumfundisha kudaka, tena kwa uvumilivu.

La tatu ni mbio za kijiti zinazopimwa kwa saa badala ya mstari wa mwisho. Kila timu ya watoto wanane inashindana na muda wake yenyewe wa wiki iliyopita. Muda mwingi katika mbio hizi hupotea kwenye kukabidhiana, na hilo linarekebishika hata kwa wasio na mbio: anayepokea aanze kutembea mwenzake akiwa hatua tano nyuma, mkono umenyooshwa nyuma, kiganja wazi. Timu inaweza kupunguza sekunde kadhaa bila mtu hata mmoja kuongeza kasi ya miguu.

Nyumbani, Jumatano jioni, rushianeni mpira wa soksi dakika kumi, kuanzia hatua tatu mkizidi kurudi nyuma. Anayedaka vizuri haambiwi akalinde mabegi.

"Mwanangu wa miaka minane akishindwa bao au ludo anatupa kete na kususa mpaka chakula. Mama yake anasema nimwache awe ananishinda. Ni sawa?" (Baba, Kigoma mjini)

Si sawa, Baba, ingawa huruma ya mama tunaielewa. Mtoto anayeshindishwa kila siku anajifunza kwamba kushindwa ni ajali isiyopaswa kumpata yeye. Cheza kwa haki, ila mpunguzie uzito waziwazi: katika ludo, mwache aanze na kete mbili nje na umwambie sababu. Kila akishinda michezo mitatu, punguza upendeleo huo.

Angalia pia unavyomsifu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto wa darasa la tano waliosifiwa akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa mapema na kuyachukia kuliko waliosifiwa juhudi. "Una akili sana" inamfanya aone kushindwa kama kupokonywa akili hiyo. Mwambie ulichokiona: "Leo umefikiri kabla ya kusogeza kete."

Akisusa, usimbembeleze wala usimgombeze. Kete alizotupa aziokote yeye, chakula chake kifunikwe, mchezo uendelee na aliyepo. Akirudi, mpokee bila kumkumbusha.

"Kioo cha ofisi kimevunjwa, darasa la sita hakuna anayesema. Tumewapigisha magoti wote 71. Wengine wanasema tumekosea. Mnasemaje?" (Mwalimu wa zamu, Kasulu)

Mmekosea, Mwalimu, na tunalisema kwa heshima kwa sababu tunajua mlitaka wajifunze kuwajibika pamoja. Adhabu ya wote inafundisha mambo mengine kabisa. Wasio na kosa wanajifunza kwamba wema haumkingi mtu. Mwenye kosa anajifunza kwamba adhabu ikigawanywa kwa 71 ni nyepesi. Na darasa zima linaungana, ni kweli, lakini linaungana dhidi yenu. Mwenye kusema ukweli kesho ataitwa msaliti.

Kama mlifikiria viboko baada ya magoti, kumbukeni kanuni za mwaka 2002: ni kwa makosa mazito tu, havizidi vinne, humchapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila tukio linaandikwa kitabuni. Kanuni hizo hazikutungwa kwa ajili ya kuchapa darasa zima kwa kubahatisha. Sisi kwa upande wetu hatuoni fimbo ikijenga tabia mnayoitafuta.

Fanyeni hivi. Waambieni kwamba anayejua habari za kioo ana mpaka kesho saa nane kuzungumza na mwalimu mmoja anayeaminika, mtajeni kwa jina, na kwamba atakayekuja mwenyewe hatachapwa wala kutajwa paredini, atarekebisha. Kurekebisha kuwe kwa kweli na kwa kiasi cha mtoto: aokote mawe kuzunguka ofisi, asaidie fundi siku ya kuweka kioo, aeleze kwa maneno yake kilichotokea. Gharama zungumzeni na mzazi faraghani. Asipojitokeza mtu, weka kioo, hamisheni uwanja wa chandimu mbali na madirisha, mwendelee. Kuna makosa ambayo hayatapata mwenyewe, na shule inaweza kuishi nayo.

"Viranja wetu wamekuwa miungu watu. Wanaandika majina ya wapiga kelele, wasiowapa karanga wanaandikwa kwanza. Tukiwaondoa, nani atashika nidhamu?" (Mwalimu wa nidhamu, Kibondo)

Daftari la wapiga kelele ndilo tatizo, kuliko watoto wenyewe. Mpe mtoto wa miaka kumi na mbili madaraka ya kuadhibisha wenzake, bila zamu, bila mtu wa kukagua, na karanga zitaanza kutembea. Lifungeni hilo daftari wiki hii.

Badala yake gaweni kazi zilizopo kwa vikosi vya watoto sita hadi wanane, kipimo ambacho skauti wanakitumia tangu mwanzo wao. Ni idadi ambayo kila mmoja anaonekana na asiyekuja anaulizwa. Kila kikosi kiwe na watoto wa darasa la tatu mpaka la saba, wavulana na wasichana. Kazi ziwe za dhahiri: maji ya kunawa, vyoo, ubao na chaki, bustani, kengele, vitabu. Kila kikosi kinashika kazi moja wiki mbili, halafu kinakabidhi.

Makabidhiano ndiyo yanayokoleza uwajibikaji. Ijumaa mchana vikosi viwili vinasimama mahali pa kazi. Kinachotoka kinaonyesha: mafagio mangapi, ndoo ngapi, mlango upi wa choo haufungi. Kinachopokea kinakagua na kukubali kwa sauti. Upungufu ukionekana baada ya kukubali, ni wa aliyepokea. Watoto watakagua kwa ukali kuliko mwalimu yeyote wa zamu, maana hakuna anayetaka kurithi uchafu wa mwenzake.

Kiongozi wa kikosi abadilike pia kila wiki mbili, kwa zamu, asichaguliwe kwa ubavu wala kwa alama za mtihani. Wapo watakaoogopa. Wapangie nafasi ya mwisho, wawe wameona wenzao watano wakifanya kwanza. Kazi ya kiongozi ni tatu tu: kugawa majukumu, kuanza mwenyewe ile ngumu zaidi, na kuongoza tathmini ya dakika tano. Hana fimbo wala daftari. Hataji jina la mtu kwa mwalimu kabla hajamwambia mwenyewe mara mbili.

Tathmini ina maswali matatu: nani alikusaidia wiki hii, na alifanya nini? Tulikwama wapi? Tubadili jambo gani moja? Msikubali jibu la "tulishirikiana vizuri". Lazima pawe na jina na kitendo: "Asha alinishikia ndoo nilipoteleza." Miezi ya kwanza majibu yatakuwa makavu na mafupi, yanayofanana kama nyimbo za paredi. Mwalimu anayesimama karibu ajizuie kuhutubu. Akizungumza yeye dakika nne, ya tano haimtoshi mtoto yeyote.

Viranja mlionao msiwavue vyeo mbele ya paredi. Wagaweni mmoja mmoja kwenye vikosi kama wanachama wa kawaida, na muwape zamu ya uongozi ya pili au ya tatu, wakiwa wameshawahi kupokea amri. Kuhusu kelele darasani mwalimu anapokuwa hayupo, waachieni kazi ya vipande kabla ya kutoka. Watazungumza, na mnataka wazungumze. Mkirudi, kila mmoja aonyeshe daftari lake.